Uliza Mlima Kwanza

Mwezi uliopita walimu wa kompyuta wa wilaya tuliitwa semina Kibondo mjini. Nilitoka Kitahana asubuhi kwa bodaboda, kanga kichwani, nikafika nimekuwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Siwezi kuisema vibaya semina yenyewe. Chai ilikuwa na maziwa, maandazi yalikuwa ya moto, na mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam, msemaji mzuri, mwenye viatu ambavyo udongo wetu ulikuwa bado haujavigusa. Ningerudi nyumbani nimeridhika kabisa kama asingeingia kwenye historia ya intaneti.

Akaonyesha ukutani picha ya makaburi. Makaburi ya kuchora, yamepangwa safu kwa safu, na juu ya kila kaburi jina la injini ya kutafutia ya zamani. Kama umezaliwa juzi, nikueleze: hizo ndizo tulizokuwa tunaziuliza mambo kabla ya hii moja ambayo leo kila mtu anaigusa kwenye simu bila hata kujua kwamba kuna kitu ameuliza. Zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na wapenzi wake. Kijana akayasoma majina, ukumbi ukacheka, hasa wale waliozikumbuka. Kisha akauliza kwa nini zilikufa, na kabla hatujafungua midomo akajijibu mwenyewe: "Zilipitwa na wakati."

Nikatoka nje. Mwalimu niliyekaa naye alidhani maandazi yamenikataa. Rafiki yangu, nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nikiwa na miaka kumi na minne na sketi ya shule, nikimwambia bibi yangu ndani ya chumba cha nyuma cha duka la vitenge Kasulu.

Nimekulia Makere, kwa bibi mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, migomba nyuma, mihogo mbele, na barabara ya kwenda Kibondo haikuwa mbali, kiasi kwamba malori ya kambi za wakimbizi yakipita sufuria zilicheza jikoni. Sisi ni watu waliovuka. Bibi alivuka mto akitokea Burundi mwaka wa mauaji, 1972, mama yangu akiwa mgongoni hajaota hata jino. Makere alipewa shamba na Waha, ambao lugha yao na yake zinaelewana bila mkalimani. Akalima, akazika, na baadaye sana akapata uraia. Harufu ya utoto wangu ni mawese yanayopata moto huku maharage yanayasubiri, na mihogo iliyolowekwa, ambayo mgeni huiita uvundo na sisi tunaiita chakula. Jumamosi tulipura maharage uani. Bibi alipiga upande wake, mimi wangu, na fimbo zikipishana alikuwa akisimulia, na alichosimulia kilikuwa kimoja tu.

Walipokuwa wanakimbia, mchana kweupe, watoto wamefuatana nyuma yake, binti yake wa tatu aliachia mkono. Alikuwa na miaka minane. Alisema amesahau jembe lake. Lilikuwa jembe dogo ambalo babu alimtengenezea kutokana na jembe kuukuu, mpini wa kutosha viganja vyake. Bibi alimwambia aliache. Mtoto akarudi mbio kulifuata, risasi zikasikika upande huohuo, na watu waliokuwa nyuma wakamsukuma bibi mbele mpaka mtoni. Hakumwona tena. Huyo ni mama yangu mkubwa, na nyumbani kwetu hakutajwa kwa jina. Aliitwa yule aliyerudi kufuata jembe. Bibi hakuamini hata siku moja kwamba mtoto alikufa. Alichokuwa anakiogopa ni kingine: kwamba yuko hai mahali fulani, na anadhani mama yake alimwacha kwa hasira kwa sababu hakusikia alipokatazwa.

Basi intaneti ilipofika Kasulu, bibi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuulizia kama hicho kitu kinatafuta hata binadamu.

Ilikaa nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Tanga, kati ya majora ya vitenge na magunia ya sukari. Kompyuta nne, jenereta uani, dishi juu ya bati. Msimamizi alikuwa binti wa mwenye duka, mpole, mtandio wake haukuanguka hata siku jenereta ilipomtia wazimu. Tulimwita dada wa kompyuta. Watu wa vijijini hawakuja kukaa mbele ya kioo. Walikuja na swali, kwa namna ileile waliyokuwa wakipeleka barua kwa mtu anayejua kusoma. Siku ya gulio walipanga foleni na vikapu vyao: huyu anauliza ugonjwa wa migomba, yule anauliza chuo cha mwanawe, mwingine anataka tu kuona kama kahawa bado inanywewa huko Ulaya. Dada alitafuta, akaeleza kwa mdomo, kisha akaandika njia aliyopitia kwenye daftari kubwa la shule, ili wiki inayofuata asianze upya.

Nasema njia kwa sababu injini aliyoipenda dada ilikuwa ya milango. Hukuiandikia kitu. Ilikuletea orodha ya mambo makubwa, ukibonyeza moja linafunguka madogo yake, ukibonyeza dogo linafunguka dogo zaidi, mpaka unafika kwenye ukurasa unaoutaka. Afrika, halafu nchi, halafu watu wake, halafu mikoa yao. Nyuma ya milango hiyo walikuwapo binadamu, wameajiriwa au wamejitolea, wanaosoma kurasa moja baada ya nyingine na kuamua huu ukae chumba gani. Leo nikiwaeleza wanafunzi wangu kwamba kulikuwa na watu waliosoma intaneti kwa macho na kuipanga kwa mikono, wananiangalia wakidhani nawatania.

Siku ya kwanza bibi alipokalia kile kiti cha plastiki, dada alimwamkia, akaisikiliza habari ya jembe mpaka mwisho bila kutazama saa, kisha akauliza jina la aliyepotea. Bibi akamshangaa.

"Mwana wanje, mwanangu, jina ni la kazi gani?" akasema. "Uliza umusozi. Uliza mlima kwanza."

Ndivyo watu wa kwetu wanavyotafutana. Kule Burundi mtu ni wa mlima. Ukikutana na mgeni njiani unamuuliza mlima wake, kisha upande gani wa mlima, kisha boma la nani, na mpaka ufike kwenye jina tayari umeshajua unazungumza na nani na kama mna undugu. Jina ni la mwisho, na wakati mwingine halifiki kabisa. Isitoshe kila mtoto hupewa la kwake. Ndugu wa tumbo moja hawachangii jina, na wengi waliokimbia waliyabadilisha njiani ili wabaki hai. Bibi alikuwa na msemo wake, aliurudia mpaka ukanichosha: jina unaliacha mtoni, mlima unavuka nao.

Dada hakucheka. Alifungua milango. Ilichukua magulio matatu, maana kila ukurasa ulishuka kutoka angani kwa kuvuta miguu, lakini gulio la tatu akafika. Ulikuwa ukurasa wa mtu mmoja wa kule kwetu aliyekuwa anasoma Ulaya. Alikuwa amechora kwa mkono wake ramani ya milima yote ya tarafa yao, akaipiga picha, akaiweka pale bure kwenye uwanja ambao wenye injini ile walikuwa wanawagawia watu. Ukibonyeza mlima, kinafunguka kitabu cha wageni cha mlima huo, na mtu yeyote wa mlima huo aliyetawanyika duniani anaweza kuandika.

Bibi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaweka kidole kwenye mchoro, akakipitisha taratibu kutoka chini, akifuata kijito. Akasema huyu aliyechora si mwongo, ameanzia kisimani. Kisha akafikisha kidole kwenye mlima wetu, ambao siutaji hapa kwa sababu mashamba yake sasa yana wenyewe wengine, na akakiacha hapohapo kwa muda mrefu. Nakumbuka jenereta, nakumbuka harufu ya vitenge vipya, na nakumbuka kwamba bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani, alijifuta uso kwa ncha ya kanga akasingizia moshi.

Aliacha ujumbe. Dada aliuandika kama ulivyotoka mdomoni: kwamba yeye ni mama wa watoto watano wa upande wa kisima, yuko Makere, Kasulu, Tanzania, na anamtafuta yule aliyerudi kufuata jembe. Hakuna jina. Dada akanakili njia nzima kwenye daftari, mlango kwa mlango, na juu yake akaandika: Bibi wa Makere.

Tangu hapo, kila gulio, tulikwenda. Bibi alibeba maharage ya zawadi kwa dada, mimi nilimbeba bibi mwenyewe kwenye baiskeli kwenye miteremko, na kwenye miinuko tuliisukuma wote. Tulifika, dada akafungua njia, tukasubiri. Kitabu cha wageni kilikuwa na watu kumi, kisha kumi na mbili, wote wakiulizana habari za watu wengine. Tulirudi na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, imefungwa kwenye gazeti, na njiani bibi hakuwa na huzuni. Alikuwa akisema mlima unaanza kujaa.

Sasa nikueleze kwa nini injini ile ilikufa, na usimsikilize yule kijana wa makaburi. Mimi nilikuwapo.

Kweli, intaneti ilikua kuliko macho ya wale wasomaji wake. Hilo nalikubali, mikono ya watu ina mwisho. Lakini hilo halikuwa ugonjwa, lilikuwa uzee, na uzee mtu hutunzwa. Ugonjwa ulikuwa tamaa. Wenye injini waliona watu wote wa dunia wanapita mlangoni kwao kila asubuhi, wakaanza kujiuliza kwa nini wapite, kwa nini wasikae. Gulio hili tukakuta wameweka habari za wachezaji sinema. Gulio lijalo utabiri wa nyota. Kisha hali ya hewa ya miji ambayo hatutafika, kisha michezo, kisha picha za magari zinazocheza, kisha mwanamke anayecheka na meno yake yote. Umewahi kumuuliza mtu njia ya kwenda hospitali, akakushika mkono akakuingiza dukani kwake, akakuketisha, akaanza kukukunjulia kanga? Ndivyo walivyotufanyia. Sisi tulikuwa na dishi moja na jenereta ya dizeli, na ile milango yetu ilizikwa chini ya takataka ambazo zililazimika kushuka kwanza. Mara nyingi dizeli ilikwisha yule mwanamke akiwa amefika kwenye meno.

Halafu wakauza nafasi za juu. Ukiuliza dawa ya mnyauko wa migomba, wa kwanza kukujibu ni aliyelipia, hata kama anauza matandiko. Halafu wakawaachisha kazi wale wasomaji, kwa sababu binadamu ana gharama. Njia za dada zikaanza kuvunjika: mlango alioandika wiki iliyopita, wiki hii unafunguka kwenye ukuta. Yeye alikuwa anafuta kwa raba, anaandika upya, na kuwaomba watu radhi kwa makosa ya watu ambao hawakujua kama Kasulu ipo. Nikikumbuka raba ile nasikia hasira mpya kabisa, ya leo asubuhi.

Na hapo ndipo nikaingia mimi.

Shuleni alikuja mwanafunzi wa ualimu wa mazoezi akatuambia kuna injini mpya. Ukurasa mweupe, kisanduku kimoja katikati, basi. Siku ya gulio, bibi akiwa bado anachagua migebuka, nikamwomba dada nijaribu. Ilifunguka mara moja. Ndugu yangu, huwezi kuelewa maana ya mara moja kama hukuwahi kusubiri meno ya mwanamke yule. Niliandika neno, majibu yakajaa kioo. Watu wa foleni wakapiga makofi. Nilivimba kichwa. Mchana huohuo nikaiweka mbele kwenye kompyuta zote nne, nikaiondoa ile ya milango, na hakuna aliyenituma.

Bibi akaingia na kikapu chake, akakaa, akatazama ule weupe. Akauliza ile ya milango iko wapi.

"Bibi, ile imepitwa na wakati," nikasema, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima.

Dada wa kompyuta alinivuta pembeni, karibu na majora. Hakunifokea. "Mdogo wangu, wewe endelea na hiyo yako, haraka ni nzuri," alisema. "Ila usimwondolee bibi njia yake. Yeye pale ameacha neno, na neno lililoachwa huja kujibiwa." Nikamwambia hii mpya inaona kila kitu duniani, kwa hiyo na kitabu cha wageni itakiona. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtoto aliyepata alama nzuri. Yeye alikuwa na foleni ndefu, dizeli kidogo, na baba aliyefurahi kwamba sasa watu wanahudumiwa upesi. Akaniachia.

Kisanduku kile kilitaka jina. Nikampa jina. Na angalia kosa langu, kosa la mtoto wa Kirundi aliyesomeshwa Tanzania. Shuleni nilifundishwa kwamba mtu ni jina lake, la baba yake na la babu yake, na ndivyo tulivyosajiliwa sote. Nikamwomba bibi jina la ubatizo la mama mkubwa, nikalibandika jina la babu nyuma yake, nikamtafuta mtu huyo. Mtu huyo hakuwahi kuzaliwa. Mama mkubwa alikuwa na jina lake la Kirundi ambalo halikuwa la mtu mwingine yeyote nyumbani, na mimi sikuuliza, kwa sababu niliona la kishamba. Nilimtafuta mwanamke wa kubuni, gulio kwa gulio, miaka. Nilipata mwanariadha. Nilipata mtawa wa nchi nyingine. Bibi aliketi pembeni, mikono mapajani, na kila nilipomwambia hakuna, aliuliza kitu kimoja: umeuliza mlima? Siku moja, kwa kuudhika, nikaliandika jina la mlima kwenye kisanduku. Hakikuleta kitu. Majina ya milima yalikuwa ndani ya mchoro wa mkono, na kisanduku hakisomi mchoro. Mimi nikamgeukia bibi nikamwambia umeona, hata mlima haupo.

Haupo. Nilimwambia hivyo mtu aliyezaliwa juu yake.

Daftari la dada lilikaa bila kazi, kisha likaanza kuchanwa. Siku moja nilinunua karanga pale mlangoni, nikazikuta zimefungwa kwenye ukurasa wenye mwandiko wake, milango imepangwa kushuka chini. Nilikula karanga nikaitupa karatasi. Baadaye simu ziliingia hadi mashambani, watu wakaacha kuja, dada akaolewa akarudi Tanga, na chumba kile leo kinauza vipuri vya pikipiki. Ile injini ya milango iliuzwa, ikauzwa tena, na mnunuzi wa mwisho akaona vile viwanja vya bure ni mzigo. Nasikia waliweka tangazo kwamba wenye kurasa wakachukue mali zao kabla ya kufungwa. Waliliweka kwenye kurasa zao wenyewe, kwa Kiingereza, mahali ambapo Makere nzima ilikuwa imeshaacha kupita kwa ushauri wangu.

Bibi alifariki wakati wa kupanda maharage. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa anawauliza wageni waliokuja kumwona ni wa mlima gani, hata muuguzi, ambaye alikuwa Mchaga na akajibu bila kusita. Bibi alicheka. Kuhusu jembe hakusema tena.

Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja alivuka mpaka wa Manyovu akitokea Burundi, akalala kwa watu Munanila, akaja mpaka Kasulu kwa gari la mizigo, akafika Makere akiuliza. Hakuuliza jina la mtu. Aliuliza ni wapi wanakaa watu wa mlima fulani, wa upande wa kisima, na kizee wa kwanza aliyemuuliza akamleta moja kwa moja mpaka uani kwetu. Kutoka barabarani mpaka mlangoni haikuchukua muda wa kuivisha chai. Alikuwa na paji la uso la bibi. Mama yangu alilitazama akaachia beseni likaanguka.

Mama mkubwa alikuwa ameokotwa na watu waliokimbilia Kongo, akakulia huko, akaolewa huko, na vita vya Kongo vikamsukuma na watoto wake hadi kambi ya Zambia. Kiswahili chake ni kile cha Kongo. Kambini, kijana mmoja wa kanisa alikuwa na kompyuta, na kijana huyo alipitia milango ileile mpaka kwenye ramani ileile, na mama mkubwa akaweka kidole mahali palepale. Akasomewa maneno ya mama yake. Akajibu siku hiyohiyo. Lakini kutoka kambini kulihitaji neno la ndugu anayekupokea, hivyo alitakiwa kusubiri sisi tujibu, na alisubiri mpaka wakimbizi waliporudishwa Burundi, ndipo akaja mwenyewe. Kijana alikuwa amemchapishia karatasi, na karatasi hiyo mama mkubwa alisafiri nayo miaka yote, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, mchoro wa milima juu na maneno chini. Aliniwekea mikononi, kwa sababu alisikia mimi ndiye msomi.

Jibu la kwanza: "Mama, ile jembe nilipata. Niko muzima. Mutume neno nije." Lilikuwa limewekwa majuma machache tu baada ya siku niliyobadilisha kompyuta zile nne. La pili, baada ya miezi mingi, lilikuwa linauliza kama tumelisoma la kwanza. La tatu, baada ya mwaka mwingine, lilikuwa fupi: "Mama, unisamehe."

Nilipoinua macho alikuwa ananitazama.

"Mama alinikasirikia juu ya ile jembe?" akauliza.

Nilimweleza kila kitu. Weupe, kisanduku, foleni iliyopiga makofi, jina la kubuni. Nilitaka anipige. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akasema hivi kumbe hatukuuliza mlima. Kisha akaomba jembe aende kuona kaburi lilivyoota majani.

Kwa hiyo siku ile Kibondo nilirudi ukumbini. Kijana alikuwa amefika kwenye maswali, nikanyoosha mkono. Nikamuuliza injini zile zilipofungwa, watu waliokuwa wameacha maneno yao humo, maneno yao yalikwenda wapi. Akafikiri, namsifu kwa hilo. Akasema yalifutwa, mwalimu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anayatumia. Akadhani nimeridhika, akaonyesha picha inayofuata.

Mama mkubwa sasa anakaa kwenye nyumba ya bibi. Jumamosi nikienda tunapura maharage, yeye upande wake, mimi wangu. Makere imebadilika: nguzo za umeme zimefika, watoto wana simu, na ukitaka kumjua mtu unaandika jina lake na picha zake zinashuka zote, za harusi na za msiba. Siku hizi hakuna anayemuuliza mgeni mlima. Sina ugomvi na wepesi huo; nautumia, naufundisha, unanilisha. Ila nimechoka kusikia kwamba vitu hufa kwa sababu wakati umepita. Wakati haukuja Kasulu kuiondoa ile milango. Waliiuza wenyewe kule, na huku niliiondoa mimi, mchana, watu wakishangilia.

Anwani ya ukurasa ule iko chini ya karatasi ya mama mkubwa, herufi ndogondogo zilizofifia. Nimeihifadhi kwenye simu. Mara kwa mara, nikitoka darasani, naiandika, nasubiri, na simu inaniambia hakuna kitu mahali hapo. Jibu la ule ujumbe wake ninalo. Ni fupi, hata bibi angelitamka kwa pumzi moja: hakukukasirikia, tuko Makere, njoo. Pa kuliandika ndipo hapapo.